Mwendo wa Kweli wa Sauti ya Wanja

Wengi wenu mnaoniandikia huniuliza kinasa sauti kipi ni bora. Nunueni mtakachokiweza. Nimefanya kazi ya sauti katika filamu za hali halisi tangu enzi ya kanda hadi enzi hii ya kadi ndogo kama ukucha, na hakuna chombo kibovu kilichowahi kuniharibia kazi kama haraka ilivyoniharibia. Kwa hiyo leo sitawaandikia juu ya vyombo. Nitawaandikia juu ya kusikiliza, na juu ya santuri moja iliyotutoa Meru mjini ikatufikisha kwenye nyanda kavu za Mbeere, kwa sababu katika kazi ile nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenifundisha.

Kwanza mjue tulikuwa akina nani. Filamu zetu zilikuwa huru, maana yake hapakuwa na kituo cha televisheni nyuma yetu wala mtu wa kutubebea mizigo. Mwelekezi alikuwa Mwenda, kijana wa Meru aliyeshika kamera mwenyewe na kuendesha gari mwenyewe. Mimi nilikuwa sauti. Mwenda aliniita Mama Kendi, kwa jina la binti yangu, hata siku tulizogombana. Filamu yenyewe ilihusu watu wanaokusanya santuri za zamani za fanki ya Kiafrika, muziki ule wa miaka ambayo vijana wa mijini walivaa suruali pana chini, besi ikatangulia mbele ya kila kitu, na gitaa likakatakata kama mtu anayepasua kuni nyembamba. Bendi nyingi zilitoa santuri moja zikafa. Leo wapo watu, hapa kwetu na ng'ambo, wanaozitafuta santuri hizo kama wengine wanavyotafuta mbuzi aliyepotea, nyumba kwa nyumba.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mwalimu Kithinji, alikuwa na sheria ambayo ninyi mnaipuuza sana. Kabla ya kunasa mtu, nasa chumba chake kikiwa kimya. Kaa, usiseme kitu, acha kinasa kiende. Utasikia bati likitanuka juani, kuku nje, jokofu la jirani. Baadaye ukikata maneno na kuyaunga, kimya hicho ndicho kitakachoziba mapengo. Nilipokuwa msichana nilidhani anapoteza kanda. Nilipozeeka nikagundua kwamba dakika zile za kimya zilikuwa pia ndipo wenye nyumba walipotuzoea. Mtu akikuona umeketi kwake bila kumtaka kitu, atakuambia mambo ambayo hungejua kuyauliza.

Makosa ya santuri ni mengi, na kila mahali pana kosa lake. Nimeona santuri zilizofunika mitungi ya maji. Nimeona nyingine zilizopakwa mafuta ya ngozi ili zing'ae mbele ya mnunuzi, na vumbi limenata ndani ya mistari hadi sindano inateleza kama kwenye matope. Lakini lile nisilolisahau lilitokea Maua.

Mzee mmoja wa huko, mfanyabiashara wa miraa, alisikia tunatafuta santuri za fanki, akatuita nyumbani. Alizozitoa zilikuwa zimefungwa kwa majani mabichi ya mgomba na kukazwa kwa kamba, barabara kabisa, kama kifurushi cha miraa kinachosubiri pikapu ya Nairobi. Alituambia amekuwa akizibadilishia majani na kuzinyunyizia maji tangu ujana wake.

"Kitu kizuri kikikauka kimekufa," alisema, na alisema kwa fahari.

Tulifungua. Karatasi za katikati, zile zenye jina la wimbo na la mwimbaji, zilikuwa zimeoza zote na kuwa uji. Santuri zenyewe zilikuwa nzima, tena safi kuliko nyingi tulizowahi kuona. Tulizicheza palepale sebuleni. Kulikuwa na sauti za kupendeza mle, wanaume na wanawake, na hatukujua jina la hata mmoja, wala mzee hakukumbuka. Garini Mwenda alicheka mpaka akasimamisha gari. Kisha aliacha kucheka, akaniuliza tutaandika nini kwenye skrini. Tuliandika kwamba mwimbaji hajulikani. Nawaambia haya ili mjue kwamba jina huoza haraka kuliko sauti. Siku hizi piga picha ya karatasi ya santuri kabla hujaigusa hata kwa kitambaa.

Kwa Wanja, mwimbaji wa ile santuri iliyotufikisha Mbeere, mambo yalikuwa kinyume. Jina lilikuwepo. Sauti ndiyo ilikuwa na matatizo.

Santuri ya Wanja tuliikuta Majengo, Meru, kwa Rashidi, mwenye bucha karibu na msikiti. Rashidi alikuwa mkusanyaji wa kweli. Nyama aliiuza mbele, santuri alizihifadhi chumba cha nyuma, zimesimama wima kwenye makreti, mbali na ukuta wa upande wa jua. Mikono aliinawa mara mbili kabla ya kugusa santuri, na wateja wake walikuwa na mzaha kwamba nyama haipati heshima hiyo. Hakuwa na haja ya kuuza. Aliponunua santuri kutoka nyumba ya marehemu, aliwauliza wafiwa wimbo gani marehemu aliupenda, akaucheza kwanza huo.

Santuri tuliyoijia ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Bendi iliitwa Moto Baridi, vijana wa Embu waliopiga hotelini mwisho wa wiki. Kwenye karatasi paliandikwa kwamba besi ni Ireri na sauti ni Wanja. Rashidi alikuwa amejipiga video akiicheza, akaituma kwa wenzake kwenye simu, nayo ikatembea jinsi vitu hivyo hutembea. Wakusanyaji wa ng'ambo waliipenda kupita kiasi. Waliandika kuhusu sauti ile nzito ya mwanamke, yenye huzuni, inayoburuta maneno kana kwamba kila moja lina mzigo. Mwenda alikuwa tayari ameamua kwamba filamu itafunguka nayo.

Video hiyohiyo ilimfikia mwanamke mmoja wa Timau aitwaye Muthoni, mfungaji wa maua katika shamba kubwa la huko. Mwenzake kazini alikuwa akiicheza wakati wa chai. Muthoni aliangalia santuri ikizunguka, akaomba simu, akasimamisha picha, akasoma karatasi. Ireri ni jina la baba yake. Wanja ni jina la mama yake, aliyekufa Muthoni akiwa bado ananyonya. Alimtafuta Rashidi, na Rashidi akatutafuta sisi.

Tulimkuta Timau siku ya baridi kali, amevaa masweta mawili, vidole vimechanjwachanjwa na miiba ya waridi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtulivu, asiyepoteza maneno. Alinieleza kwamba nyumbani kwao hakukuwa na picha ya mama yake wala kanda. Baba alichoma kila kitu baada ya mazishi, akampa mtu gitaa lake, akaokoka. Sasa ni mzee wa kanisa huko Mbeere. Jina la Wanja hulitaja mara moja tu kwa mwaka, Krismasi, anapompokea mjukuu. Binti wa pili wa Muthoni, kitinda mimba wake, alipewa jina la nyanya yake kama desturi inavyotaka, na mzee humwita mtoto huyo bibi yangu, akamwuliza kama amempikia.

"Jina ninalo, linakimbia hapa nyumbani na kamasi," Muthoni aliniambia. "Sauti ndiyo sikuwa nayo. Sasa nasikiza kila siku."

Na kweli alisikiliza. Alikuwa ameinakili kwenye simu yake. Aliicheza akifunga maua, akipika, na mchana wa Jumapili akimlaza mtoto. Alisema ni kama kuwa na mtu mzima ndani ya nyumba.

Sasa niwaambie jambo la kazi, na nitalisema polepole. Santuri hucheza sauti ya kweli ikiwa tu inazunguka kwa mwendo uleule iliotengenezewa. Ikizunguka polepole, sauti huwa nzito, ya msichana ikawa ya mama, ya mama ikawa ya baba. Ikizunguka haraka, wote huwa watoto. Nilishuku pleya ya Rashidi, mashine yake ya kuchezea santuri, kwa sababu ukanda unaoizungusha ulikuwa wa zamani. Tuliicheza santuri kwenye pleya yetu, niliyokuwa nimeipima mwenyewe, na sauti haikubadilika. Basi kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa ndani ya santuri yenyewe. Huenda mashine ya kanda ilichoka siku wimbo ulipohamishwa kwenye santuri. Hayo yalitokea sana kwa bendi ndogo, na hakuna aliyerudi kurekebisha.

Nilijuaje kwamba kuna kosa? Sikujua, nilisikia. Mpiga ngoma alikuwa hodari, lakini alionekana kuvuta miguu. Wanja alikuwa akivuta pumzi kati ya mistari, na pumzi ile ilikuwa ndefu mno, kama ya mtu anayepanda kilima na debe kichwani. Mtu anaweza kuimba kwa huzuni. Ni vigumu kupumua kwa huzuni wimbo mzima.

Mwenda hakutaka kusikia. Alisema santuri ndiyo ushahidi, na kazi yetu ni kuonyesha ushahidi ulivyo. Alisema pia, na hapo alikuwa mkweli, kwamba watu wote walioahidi kuitazama filamu waliipenda sauti ile nzito. Nilimwambia anaweza kuwa sahihi. Tulikubaliana kwamba aliye na haki ya kuamua ni Muthoni, na nikamweleza yote, pamoja na hili: tukirekebisha, huenda asiipende tutakayoipata. Magitaa yanaweza kushushwa au kupandishwa sauti watakavyo wapigaji, kwa hiyo hayawezi kutuambia ukweli. Anayeweza ni mtu aliyemsikia Wanja kwa masikio yake. Wenzake wa bendi walikuwa wamekufa au wametawanyika wasikojulikana. Alikuwa amebaki mmoja, Ireri.

Muthoni alifikiri huku akikata majani ya waridi moja baada ya lingine.

"Nataka vile alikuwa," alisema. "Lakini baba hatakubali. Mjue tunaenda kukataliwa."

Tulishuka Mbeere na Muthoni na kitinda mimba wake wakati wa mavuno ya ndengu. Kutoka baridi ya Timau hadi joto lile, nilifunga santuri, aliyotuazima Rashidi, katika taulo ndani ya sanduku na sikulifungua hadi ikazoea hewa, kwa sababu kitu kilichopoa kikiingia joto ghafla hutoa jasho, na sindano haipendi jasho. Mzee Ireri alitupokea vizuri. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na vidole virefu kuliko vya mkulima yeyote niliyewahi kumsalimu. Alituombea, akatulisha ugali wa mtama na mboga ya kunde. Alimkalisha mjukuu kwenye goti lake. Tulipomaliza kula alitujibu kabla hatujauliza.

"Muthoni aliniambia kwa simu," alisema. "Hapa mtakula, mtalala, tutaomba pamoja. Hiyo ingine hapana."

Mwenda alianza kueleza umuhimu wa historia. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Kijana, umeoa?"

"Bado, mzee."

"Basi ngoja, utanielewa."

Halafu alitueleza mwenyewe. Siku walipomzika Wanja alisimama kaburini, mbele ya watu, akasema hatasikiliza tena wimbo wa dunia maisha yake yote. Mchungaji hakuwa amemwambia afanye hivyo. Hakuna aliyemwambia.

"Kama ningelazimishwa, ningeweza kuvunja nikasema nililazimishwa," alisema. "Sasa nitasema nini?"

"Baba, mimi sikuombi ucheze," Muthoni alimwambia. "Nakuomba uniambie kama ni yeye."

Mzee alisema ndengu zinamngoja, akainuka.

Nilimwambia Mwenda afunge kamera, naye alifunga bila kubisha. Mtu akikataa, amekataa. Nimewaona vijana wakiacha kinasa kikiwa wazi mfukoni baada ya mwenye nyumba kusema hapana. Msifanye hivyo. Sauti ya mtu umeazimwa, na mwenyewe akisema irudi, irudi.

Yaliyofuata hakuna aliyeyapanga, na ndiyo maana naweza kuyaeleza bila aibu. Jua lilikuwa kali na mtoto alikuwa analia kwa usingizi. Muthoni aliingia naye jikoni, akaweka simu juu ya gunia, akaicheza sauti ile kama alivyozoea kwake Timau. Sidhani alikumbuka yuko wapi. Mzee alikuwa nje ya mlango, ameketi kwenye kigoda, anapepeta ndengu kwa ungo. Mimi na Mwenda tulikuwa kivulini tukipanga mizigo. Ungo uliendelea kidogo, kisha ukanyamaza.

"Huyo mama anaimba ni nani?" mzee aliuliza.

Muthoni alishtuka akazima. Mzee alirudia swali lake.

"Ni mama," Muthoni alijibu kutoka ndani.

"Mama wa nani?"

"Mama yangu, baba. Ni Wanja."

Mzee aliuweka ungo chini.

"Hapana," alisema. "Huyo simjui."

Alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu. Niliuona uso wake, na nilitamani nisingeuona. Mwanaume alikuwa amekaa miaka yote hiyo akijikinga na sauti moja, na siku ilipomfikia, hakuitambua. Alimwuliza binti yake kama hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu za watu. Alimjibu ndiyo. Alimwuliza kama ndiyo itakayokuwa kwenye filamu. Alimjibu ndiyo.

"Mmemzeesha," alisema. "Wanja hakuzeeka."

Kisha aliondoka akaenda upande wa zizi la mbuzi, akakaa huko muda mrefu. Hakuna aliyemfuata. Muthoni alitoka akamalizia kupepeta ndengu za baba yake.

Mzee aliporudi alikuwa amenawa mikono na kuvaa koti lake la kanisani, katika joto lile. Hakuketi.

"Hiyo kitu inaweza kurekebishwa?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba inaweza, kama yupo anayeijua sauti yake.

"Mwingine hakuna?"

"Hatujampata, mzee."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Alisema uso wake tusiupige picha. Sauti yake tunaweza kunasa. Halafu akatoa masharti yake, na aliyatoa kwa uzito wote wa baraza.

"Nitasikiliza sauti. Wimbo sitasikiliza. Muthoni, ukiona mguu wangu unagonga chini, zima."

Niliweka pleya mezani, nikaisawazisha kwa kipande cha kibiriti chini ya mguu mmoja, nikaiunganisha na betri. Pleya ile ina kitufe unachosukuma mbele au nyuma kuongeza na kupunguza mwendo kidogo kidogo. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo wengi wenu mngeharibu. Kwetu mwenyeji ana adabu. Ukimwuliza hivi ni sawa, atasema ni sawa, ili asikuchoshe. Kwa hiyo usimwulize. Nilimwomba mzee asiangalie mkono wangu, anitamkie neno moja tu, ongeza au punguza. Na nilipanga moyoni kwamba nitapita pale anapopataka, nione kama atanirudisha. Asiponirudisha, anakubali tu kwa heshima.

Kabla sijashusha sindano nilinasa chumba kikiwa kimya, kama Mwalimu Kithinji alivyonifundisha. Nje mbuzi mmoja alikuwa akikohoa. Mzee alikuwa ameketi wima, amefumba macho, mikono juu ya mapaja.

Wimbo ulianza. Sauti nzito ikaingia.

"Ongeza," alisema.

Niliongeza. Ngoma ziliinuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ongeza."

Mguu wake haukugonga. Muthoni alikuwa akiutazama, kwa kuwa ndilo jukumu alilopewa, kwa hiyo sidhani aliona nilichokiona mimi. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kutembea juu ya paja, taratibu, kila kimoja kikikanyaga mahali pake na kuinuka, na besi ya kwenye santuri ilikwenda navyo. Vidole hakuwa amevikataza. Mkono wangu ulibaki kwenye kitufe.

"Ongeza kidogo. Kidogo."

Sauti ilipanda, ikawa nyepesi, ikapata makali mwishoni mwa maneno. Nilipitiliza kwa makusudi.

"Sasa umempeleka shule ya msingi," alisema bila kufumbua macho. "Rudisha."

Nilirudisha. Ulikuwa umefika ule mstari kabla ya kiitikio ambapo mwimbaji hupumua. Katika ule mwendo wa zamani nilikuwa nimeusikia mstari huo mara nyingi na nikaudhania kuwa kite, mtu anaguna kwa uchungu. Sasa ulikuwa kicheko. Msichana alikuwa akicheka, amegeuka pembeni mwa maikrofoni, mtu amemchekesha katikati ya wimbo naye anajaribu kujizuia.

"Hapo," mzee alisema. "Usiguse tena. Huyo ndiye Wanja, anacheka. Nilikuwa nimemkanyaga mguu."

Tuliiacha iishe. Mzee alifumbua macho, akamwuliza binti yake kama mguu uligonga. Muthoni alisema haukugonga. Akashukuru, akavua koti, akalikunja vizuri, akatoka kwenda kwenye ndengu zake.

Muthoni hakulia. Alibaki akiangalia santuri iliyosimama. Nilimwuliza kama anataka kuisikia tena, akakubali, na nikaicheza tena kwa sauti ndogo.

"Ni msichana," alisema ilipokwisha. "Hata kwetu shambani angeajiriwa kama kibarua. Mimi ni mkubwa wake."

Niliiinua santuri, nikaifunga tena katika taulo lake.

Filamu ilitoka na sauti ile iliyorekebishwa. Mahali pa mzee mnasikia maneno yake, ongeza, ongeza, rudisha, na mnachokiona ni ndengu zinazopepetwa. Mwenda ndiye aliyeamua hivyo, na ni kazi yake bora. Baadhi ya wakusanyaji wa ng'ambo walituandikia kwa hasira kwamba tumewaharibia wimbo, kwamba uzito wote umeondoka. Rashidi aliwajibu kwa niaba yetu. Aliwaambia yeye ni mchinjaji, na anajua tofauti ya kitu kizito na kitu kilichokufa.

Mzee Ireri, kwa maelezo ya Muthoni, alisimama kanisani Jumapili iliyofuata ziara yetu, wakati wa ushuhuda. Aliwaambia watu kwamba alisema mbele yao, miaka mingi iliyopita, hatasikiliza, na kwamba wiki hiyo amesikiliza. Walisubiri aombe msamaha. Alisema ni hayo tu, akaketi. Mchungaji akaomba kwaya iimbe.

Baadaye kidogo Muthoni alinipigia. Alitaka nimtumie nakala safi ya wimbo. Nilimwambia nitamtumia siku hiyo hiyo. Akasita, akaniuliza kama ile nyingine bado ninayo, ile ya polepole, kwa sababu ile iliyokuwa kwenye simu yake ilifutika alipobadilisha simu.

Sheria ya kazi yetu ni kwamba ukishapata sauti sahihi, ile yenye kosa unaifuta, ili isije ikachanganywa na ya kweli mikononi mwa watu wasiojua. Nimewafundisha wengi wenu sheria hiyo, na ni sheria nzuri. Lakini sikuwa nimeifuta. Nilikaa mbele ya mashine nikazitazama zote mbili, mwanamke mmoja, wimbo mmoja. Mtu alikuwa amelelewa na kosa lile miezi mingi, akipika nalo, akilaza nalo mtoto. Miaka yote ya kazi nilikuwa nimejiuliza sauti ni ya nani. Sikuwahi kujiuliza imekuwa nani kwa yule aliyeisikiliza.

Nilizitayarisha zote mbili. Ya kwanza niliiandika jina, Wanja. Ya pili sikujua niiandikeje, na kuiita kosa nilishindwa, basi nikampigia Muthoni nimwulize. Alikuwa kazini. Nilisikia maji yakimwagika na wenzake wakiitana juu ya ndoo za maua.

"Hiyo andika Mama," alisema.